Sura ya Saba: Saini ya Nassoro

Baba hakuwahi kunisindikiza hospitali hata siku moja, kwa hiyo Alhamisi ile alipotoka chumbani amevaa koti lake la ibada nilijua kuna jambo.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Twende wote Lushoto."

"Kufanya nini?"

"Kuona karatasi yako ikisainiwa," akasema, akaipangusa kofia yake kwa kiwiko. "Au nimekatazwa?"

Nani amkataze mzee Nikodemo? Mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minne, mkulima wa karoti ambaye Kwai nzima inamjua kwa ukaidi. Ndiye huyuhuyu aliyewahi kuvificha viatu vyangu vya mpira ndani ya pipa la mahindi, kisa binti wa Kikristo hakimbii na bukta mbele za watu. Leo amevaa koti ili nirudi kwenye mpira! Jamani, mimi si mtoto. Nilijua mpira hajaupenda ghafla. Alichokitaka ni mimi niondoke, niwe mbali na Nassoro.

Nieleze vizuri. Mimi naitwa Efrazia, nina miaka ishirini na minne, nacheza beki wa kati katika timu ya wanawake kule Dodoma. Wiki kumi na moja kabla ya Alhamisi hiyo niliruka kupiga kichwa mpira wa kona. Niliupiga vizuri tu, nikatua juu ya kiatu cha mwenzangu, enka ya kushoto ikageukia ndani. Nilisikia mlio. Wanaosema husikii kitu ni waongo. Timu ikanirudisha nyumbani na magongo mawili, na kocha akanipa sharti moja: Ijumaa, saa sita mchana, anapeleka majina ya wachezaji wa msimu. Akipata barua ya mtaalamu kwamba nimepona, jina langu limo. Asipoipata, anaandika mtu mwingine. Hakusema kwa ubaya, mpira ndivyo ulivyo.

Ijumaa hiyo ilikuwa kesho.

Mtaalamu wa kuniandikia barua ndiye huyo Nassoro Amiri, wa mazoezi ya viungo pale hospitali ya Lushoto. Kijana wa Mazinde, kule chini kwenye joto, kwa hiyo huku kwetu anavaa koti mwaka mzima na watu wanamcheka. Mwislamu, tena wa familia inayoswali swala zote tano. Haongei sana. Kazi yake ni kuhesabu: "Moja, mbili, tatu, shikilia hapo. Usinidanganye, goti hilo." Nilimpenda wiki ya nne. Alikuwa amenisimamisha kwa mguu mmoja nimefumba macho, nikayumba, akanidaka kiwiko, halafu akaniachia upesi kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Nilifumbua macho nikamwona ametazama ukuta. Nikajua si mimi peke yangu.

Hakuwahi kusema neno. Nilisubiri wiki ya tano, ya sita, ya saba, hakuna. Mara moja tu tulikutana sokoni Soni, akaninunulia peasi mbili, tukazila tumesimama kando ya barabara kama watu wanaosubiri gari. Hilo tu. Lakini Soni ina macho, na kabla sijafika nyumbani peasi zile zilikwisha kumfikia baba.

Basi tukafika hospitali saa tatu asubuhi. Baba akaingia mbele yangu, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee," Nassoro akasema, akasimama.

"Marahaba. Wewe ndiye Nassoro?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Wa Mazinde."

"Wa Mazinde."

Baba akamtazama kuanzia viatu mpaka kola ya koti. "Unasikia baridi na jua hili?"

"Nasikia, mzee."

"Hm," baba akasema, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa bila kukaribishwa. "Endelea na kazi yako, daktari. Mimi natazama tu."

Nassoro akanigeukia. Macho yetu yakakutana, akayashusha kwenye karatasi. Nilitamani anitazame walau kidogo zaidi. Kama angesaini, siku ya Jumamosi ningekuwa kwenye basi la Dodoma, na hata neno moja hatujaambiana. Asiposaini, mpira wangu wa mwaka mzima umekwisha. Nilikuwa naitaka saini ile kwa moyo wote, na nilikuwa naiogopa pia. Sitaki kujifanya.

"Vipimo ni vitatu," akasema. "Anza na ukuta."

Nikaweka kidole gumba cha mguu mbali na ukuta, nikakunja goti mpaka liguse, kisigino kikiwa chini. Akapima kwa futi. Kulia sentimita kumi na moja, kushoto tisa na nusu.

"Inatosha," akasema.

"Inatosha," baba akarudia, kama vile ndiye aliyepima.

Cha pili, kuruka mbele kwa mguu mmoja. Kulia nikafika mita moja na sentimita arobaini. Kushoto, moja na ishirini na nane. Nassoro akapiga hesabu pembeni ya karatasi. "Tisini na moja kwa mia. Tunataka tisini."

"Ahaa!" Baba akapiga goti lake kwa kofia. "Si unaona? Toa kalamu."

"Bado kimoja, mzee."

Cha tatu kilikuwa boksi la mbao, kimo cha stuli ya jikoni. Unapanda, unajiachia chini, unatua kwa mguu mgonjwa peke yake, unatulia sekunde tatu. Mara tano. Nilisimama juu ya boksi lile nikatazama sakafu. Sakafu ya saruji, hakuna kitu. Lakini nikarudi nyuma nusu hatua.

"Ukiwa tayari," Nassoro akasema.

Nikajiachia. Kisigino kikagusa, goti likaingia ndani, nikayumba nikashika ukuta.

"Hiyo haihesabiki," nikasema haraka. "Niliteleza."

"Sawa. Rudia."

Nikarudia. Mara ya pili niliweka mguu wa kulia chini kabla hata sijatulia. Ya tatu nilimshika yeye bega. Ya nne sikuruka kabisa, nilisimama juu ya boksi jasho likinitoka makwapani na asubuhi yenyewe ya baridi.

Nassoro akaandika. Akaandika kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hujawa tayari," akasema.

"Unasemaje?" Baba akainuka. "Viwili kafaulu, kimoja kashindwa, ndiyo hajawa tayari? Kwani huko uwanjani kuna maboksi?"

"Hakuna, mzee. Lakini kila akiruka lazima atue. Aliumia wakati wa kutua." Akanigeukia mimi. "Efrazia. Nyumbani ulikuwa unashuka mlima kama nilivyokuandikia? Kupanda na kushuka, kila siku?"

"Ndiyo," nikasema.

"Ashuke wapi?" baba akadakia. Baba yangu ana makosa yake, ila uongo hapana. "Kupanda anapanda, kila asubuhi, matuta yote mpaka shamba la juu, nimemsimamia mwenyewe. Kushuka namfuata jioni kwa pikipiki. Tangu lini mtu wa milimani akampeleka mgonjwa wa mguu kwenye mteremko? Mdogo wangu alivunjika akishuka na tenga la kabichi. Hakuna aliyevunjika akipanda. Mtu wa tambarare huwezi kuyajua haya."

Nilitamani sakafu ile ya saruji ipasuke inimeze. Nassoro aliiweka kalamu chini taratibu.

"Wiki tano," akasema. "Kila Alhamisi nimekuuliza, unashuka? Kila Alhamisi umeniambia nashuka."

"Nassoro..."

"Nimekuandikia kwa mkono wangu. Mara kumi siku za kwanza, halafu ishirini. Umenijibu ndiyo, ukicheka."

Hasira ikanipanda, na hasira yangu huja vibaya zaidi ninapokuwa na makosa. "Sasa je? Ulitaka nishuke nikavunjike upya? Wewe sema kweli. Hutaki niondoke, basi! Hilo boksi umelitoa leo. Hukuwahi kunipima nalo!"

Nilisema hivyo mbele ya baba. Baba akageuza uso wake polepole akamtazama Nassoro, na kwenye uso ule niliona kwamba hicho ndicho alichokuja kukisikia.

"Nami nilifikiri hivyohivyo," baba akasema. "Unambakiza."

Nassoro akafungua mlango, akatoka, na kwa muda tukabaki mimi na baba tukisikiliza mtu akikohoa nje kwenye foleni. Nilijichukia. Kama angekuwa mtu wa kunibakiza, angekuwa na wiki kumi na moja za kufanya hivyo, na hakuwahi hata kunishika mkono nje ya kazi.

Alirudi na mama Secilia, mkuu wake wa kazi, mama mnene mwenye miwani na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa nikupime upya, na sijaambiwa majibu. Panda boksi."

Nassoro alisimama dirishani ametugeuzia mgongo. Nikapanda. Nikajiachia, nikayumba. Nikapanda tena. Mara ya tatu mama Secilia akainua mkono.

"Shuka, inatosha. Mguu wenyewe umepona vizuri sana, hongera zake aliyekuhudumia. Ila hujui kushuka, mwanangu, na unaogopa. Wiki nne, pengine tano, ukifanya kila siku." Akamtazama baba juu ya miwani. "Mzee, pikipiki ibaki nyumbani." Akaenda zake kwa wagonjwa wake.

Baba akavaa kofia, akaivua. Kisha akaniambia kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, kwamba yuko mtu anamfahamu, anaandika barua za namna hiyo bila maswali, na tukitoka sasa hivi tunamwahi kabla ya mchana.

"Mzee, Kishambaa nakisikia," Nassoro akasema bila kugeuka. "Mama yangu Msambaa."

Baba akakohoa.

"Sitamzuia," Nassoro akaendelea. "Akitaka kwenda kwa huyo mtu, ni mguu wake."

"Nikienda hivihivi," nikamuuliza, "itakuwaje?"

Hapo ndipo aligeuka. "Unaweza kucheza mechi moja. Unaweza kucheza kumi. Siku utakayotua vibaya tena, hiyo enka sijui kama itakurudisha uwanjani. Sikutishi. Sijui kweli."

"Mtu asiyejua asizuie safari ya watu," baba akasema. "Efrazia, twende."

Sikwenda. Niliketi pembeni ya kitanda, nikavua kiatu cha kushoto, nikaishika enka yangu kwa mikono miwili. Ilikuwa imepungua kabisa uvimbe, ukiiona huwezi kujua kitu.

"Baba, mimi naogopa kutua," nikasema. "Si wewe uliyenizuia kushuka. Ningetaka ningekuambia, baba leo usije, nateremka mwenyewe. Sikusema hata siku moja. Kila jioni nilikuwa nasikia pikipiki yako nafurahi. Nikisimama juu ya tuta nikatazama chini nausikia ule mlio."

Baba alibaki amesimama. "Hukuniambia."

"Nakuambia sasa."

"Nami nilikuwa naogopa," akasema. "Ndiyo maana nilikuwa nakufuata."

"Sasa kama unaogopa namna hiyo, mbona unataka nikacheze na mguu ambao haujui kutua?"

Baba alimtazama Nassoro, akatazama kofia yake, na sote watatu tulielewa kwamba mzee Nikodemo alikuwa tayari binti yake aende na mguu mbovu Dodoma kuliko abaki na mguu mzima karibu na kijana huyu. Sidhani kama yeye mwenyewe alikuwa amelifikiria hivyo kabla ya dakika ile. Aliketi chini kwa uzito.

Nikatoa simu. Nikabonyeza jina la kocha.

"Efra! Barua vipi?"

"Hakuna barua, kocha. Sijapona."

"Si uliniambia wiki jana umepona?"

"Nilidanganya. Naruka vizuri, kutua bado. Wiki nne au tano."

Nikasikia anavuta pumzi. "Asante kwa kuniambia leo na si siku ya mechi. Basi namwandika Loveness. Dirisha dogo la usajili likifunguliwa nipigie nikuone. Lakini siahidi, unanisikia? Yule mtoto yuko vizuri."

"Nakusikia, kocha."

"Pole, mdogo wangu."

Akakata. Hapo nikalia. Nililia kilio kibaya cha kamasi, si kile cha kwenye picha. Loveness ndiye aliyekaa benchi nyuma yangu misimu miwili, jezi yangu itamtosha vilevile. Baba akanipa leso yake iliyonukia sabuni ya mche, akanishika kichwa mara moja, mkono mzito, akautoa.

Nassoro hakunisogelea. Alivuta faili langu, akaandika mistari miwili, akasaini, akaligeuza nilione. Mgonjwa amehamishiwa kwa mama Secilia kuanzia tarehe ya leo. Chini yake, saini yake, ya kwanza na ya mwisho siku ile.

"Unaniacha?" nikauliza. Sauti ilinitoka kama ya mtoto, na sikujali.

"Nakuhamisha," akasema. Akavuta koti lake likae sawa, akamgeukia baba, akasimama kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa. "Mzee, mpaka dakika tano zilizopita binti yako alikuwa mgonjwa wangu. Nilikuwa sina ruhusa ya kusema kitu, na sikusema. Muulize. Sasa si mgonjwa wangu tena. Nampenda Efrazia. Nampenda tangu wiki ya tatu."

Ya tatu! Mimi ya nne. Machozi yote yale, na bado nilitaka kucheka. Wiki zote hizo nimejitesa nikidhani labda ni mimi ninayejipa matumaini, kumbe mwenzangu alinitangulia.

Baba aliinuka. Nilifumba macho nikisubiri ngurumo.

"Kijana," akasema, "wewe mama yako Msambaa, umesema."

"Ndiyo, mzee. Wa Bumbuli."

"Hakukufundisha kwamba mtu hajisemei? Mtu anatuma washenga. Watu wazima, wanakuja nyumbani kwa mtu, wanapewa viti, wanazunguka maneno mpaka wafike. Wewe unanisimamisha hapa kwenye kitanda cha wagonjwa unaniambia nampenda, nampenda. Mimi nikujibu nini?"

"Samahani, mzee."

"Kuna suala la dini. Kubwa. Hilo nitalikataa, nakwambia mapema usije ukasema nilikuficha." Baba alikuwa amepandisha sauti, na nje kikohozi kilikuwa kimekoma, foleni nzima inasikiliza. "Lakini kukukatalia hapa siwezi, maana hapa hujaniomba kitu. Utume watu wako wa Mazinde. Jumapili, baada ya ibada. Nataka nikukatalie kwa utaratibu."

Nassoro akaitikia kwa kichwa. "Watakuja, mzee."

"Wavae makoti. Kwai ni baridi kuliko hapa."

Nikavaa kiatu changu. Nilijua baba amesema nini, na alijua kwamba najua. Washenga wakishaingia sebuleni, mzee atasema neno lake na watasema lao, na kabla lolote halijaamuliwa msichana huitwa kutoka jikoni. Huulizwa swali moja tu, mbele ya wote: hawa wageni unawafahamu? Akisema hapana, wageni wanasindikizwa na yamekwisha. Akisema anawafahamu, hata baba mkaidi namna gani hawezi kuwafukuza siku hiyo. Anaweza kukataa mwaka mzima, lakini itabidi aendelee kuwapokea.

Baba alikuwa mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Na wewe utaitwa," akasema bila kunitazama.

"Najua, baba."

"Utaulizwa."

"Najua."

Alingoja. Nassoro alikuwa amesimama na faili langu kifuani, hapumui. Ningeweza kungoja Jumapili kama adabu inavyotaka, nikainamisha kichwa, nikacheza na ncha ya kanga. Lakini siku ile nilikuwa nimeshapoteza jezi yangu kwa sababu ya wiki tano za kutosema ukweli.

"Nitasema nawafahamu, baba," nikamjibu palepale. "Na aliyewatuma namfahamu sana."